Kuhamia kazi ya kompozita: Nuke, Fusion au After Effects?

Fundi wa madoido ya picha anayetaka kubadili nafasi yake ndani ya fani hiyohiyo huwa na swali lisilofanana na la mwanafunzi anayeanza. Mwanafunzi huuliza aanzie wapi. Fundi ambaye tayari amepanga mwanga kwenye matukio ya 3D, amekata roto (kuchora mpaka wa kitu fremu kwa fremu), amehariri video au ametengeneza michoro mwendo ya matangazo ana jicho lililokwisha kuzoea kazi, na anachohitaji ni programu itakayoupokea ujuzi alio nao na kumwongezea ule asio nao. Tathmini hii ya programu tatu za kuunganisha picha, Nuke, Fusion na After Effects, nimeiandika kwa ajili ya huyo wa pili, anayetaka kuwa kompozita, yaani mtu anayeziunganisha picha za vyanzo mbalimbali zikawa shoti moja ambayo mtazamaji ataamini kuwa ilipigwa na kamera moja, mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Mimi nilitoka kwenye upangaji wa mwanga wa 3D, na hukumu nyingi nitakazotoa hapa zimetokana na njia hiyo.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni mahali alipo kompozita katika mnyororo wa kazi. Yeye ni wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho kabla ya msahihishaji wa rangi. Hupokea picha za kamera kutoka kwa wapiga picha, maski (picha inayoonyesha sehemu ipi ibaki na ipi iondoke) kutoka kwa watu wa roto, kamera ya kidijitali kutoka kwa aliyefuatilia mwendo wa lenzi, pasi za renda (sehemu za picha ya 3D, kama mwanga na rangi, zilizotolewa kila moja peke yake) kutoka kwa idara ya mwanga, na moshi au vumbi kutoka kwa watu wa uigaji. Kisha hukabidhi faili ambayo msimamizi ataikagua na ambayo huenda mwenzake akaiendeleza wiki inayofuata. Ndiyo maana naipima programu ya kuunganisha picha kwa mambo mawili: inazipokea vipi kazi za wengine bila kuziharibu, na mtu mwingine anaelewa kwa urahisi kiasi gani ulichokifanya ndani yake. Wingi wa vitufe na uzuri wa violezo vilivyotengenezwa tayari ni mambo ya baadaye sana.

Ili kuzilinganisha kwa haki nilizipa zote shoti moja. Ni mwanamke aliyesukwa nywele, ncha zimeachwa huru, amesimama mbele ya pazia la kijani lililoangazwa kwa taa zisizolingana, na nyuma yake unahitajika ukuta wa mji wa kale wakati wa jioni nilioutengeneza na kuurenda, yaani kuugeuza kuwa picha, kwa programu ya 3D ya Blender. Renda hiyo ilitoka katika faili za OpenEXR zenye pasi za mwanga wa moja kwa moja, mwanga ulioakisiwa, rangi ya vitu, mng'ao, kina na Cryptomatte. OpenEXR ni muundo wa faili uliobuniwa na Industrial Light & Magic na kutolewa kwa umma mwaka 2003; hubeba namba zenye desimali badala ya ngazi 256 za kila rangi, na kwa hiyo taa iliyo kali kuliko weupe wa skrini hubaki na thamani yake ndani ya faili. Cryptomatte, iliyotoka katika studio ya Psyop mwaka 2015, huhifadhi maski ya kila kitu kilichomo katika tukio, hata kompozita akaweza kuuchagua mlango au dirisha kwa kulibofya. Shoti ya namna hii si kubwa, lakini imekusanya mambo yanayomsumbua mtu anayehamia: kingo za nywele, pasi nyingi, na rangi zinazotoka kwenye vyanzo viwili visivyojuana.

Nuke ilizaliwa mwaka 1993 ndani ya studio ya Digital Domain huko California, ikaanza kuuzwa kwa watu wa nje mwaka 2002, na tangu mwaka 2007 inatengenezwa na Foundry ya London. Asili hiyo ya ndani ya studio bado inaonekana. Kila kitendo ni nodi, na nodi huungwa kwa mishale hadi zikawa mti ambao mtu mwingine anaweza kuusoma kutoka juu, picha ya kamera inapoingia, hadi chini, faili ya mwisho inapoandikwa. Mti wa shoti yangu ulikuwa na matawi mawili makubwa, la mwanamke na la ukuta, pamoja na tawi dogo la chembechembe za kamera ambazo niliziondoa mwanzoni na kuzirudisha mwishoni juu ya picha nzima ili ukuta wa kompyuta nao uzipate. Mwenzangu niliyempa faili hiyo bila maelezo yoyote alijua mara moja ni wapi pa kugusa alipotaka kuubadili ukuta, na hilo kwangu lina uzito kuliko sifa nyingi zinazoorodheshwa kwenye matangazo ya programu.

Kwa aliyetoka kwenye mwanga wa 3D, uzuri mkubwa wa Nuke upo katika kile kinachopita ndani ya mishale hiyo. Mshale mmoja unaweza kubeba hadi chaneli 1,023, kila chaneli ikiwa safu moja ya thamani za picha kama nyekundu au kina, hivyo pasi zote za renda husafiri pamoja na picha yenyewe, na nodi ya Shuffle huichomoa ile unayoihitaji. Nilizichomoa pasi zangu, nikazidisha zile za mwanga kwa zile za rangi, nikazijumlisha zote, kisha nikatoa jumla hiyo kwenye picha kamili ya renda ili kuona kama kuna kinachobaki. Palibaki weusi mtupu, ishara kwamba hakuna pasi iliyosahaulika. Kuanzia hapo niliweza kupunguza mwanga ulioakisiwa kutoka chini bila kugusa mwanga wa moja kwa moja, na kwa Cryptomatte nikayachagua madirisha peke yake na kuyapa joto la taa ya jioni, vyote bila kurudi Blender kurenda upya. Mpanga mwanga anajua tayari kila pasi ina nini ndani yake na imetoka wapi. Nuke humruhusu kuuendeleza ujuzi huo pale ulipokomea. Kati ya programu hizi tatu sikuona nyingine inayoifanya kazi hii kwa uwazi wa namna hiyo.

Pazia la kijani nalo lilinipa sababu ya kuipenda. Nuke huja na zana kadhaa za kuondoa kijani, zikiwemo Keylight, Primatte na IBK. Hiyo ya mwisho haikuombi uchague kijani kimoja cha kuondoa. Hutengeneza kwanza picha ya pazia lenyewe, pamoja na giza lake na mwangaza wake, kisha hulinganisha kila pikseli na mahali pake. Upande wa pazia uliokuwa na kivuli ulitoka sawa na ule ulioangazwa vizuri, na ncha za nywele, ambazo ndizo zinazomtambulisha kompozita mzuri, zilibaki nyembamba na laini. Kamera ya 3D iliyotoka Blender iliingia kwa faili ya Alembic na ukuta ukakaa ulipotakiwa.

Kasoro zake ni za wazi. Sura ya Nuke haimkaribishi mgeni: unapoifungua unaona uwanja mtupu wa kijivu, na hakuna kinachotokea mpaka ujue unataka nini. Kazi ya maandishi ni ya kuchosha, kwa hiyo mtu atakayehitaji kuandika majina ya wahusika na vichwa vya matangazo kila siku ataumia. Bei ya leseni kamili ya kibiashara ni maelfu ya dola kwa mwaka, nayo ni bei iliyowekwa kwa ajili ya studio. Mtu mmoja mmoja hakufikiriwa.

Kabla ya kuziingia hizo nyingine mbili, nataka kukaa kidogo kwenye mambo mawili ambayo ndiyo yanayomtenganisha kompozita na mtu anayepanga picha juu ya picha, kwa sababu hapo ndipo programu hizi zinapoachana hasa.

La kwanza ni alfa, yaani chaneli inayosema kila pikseli inafunika kilicho nyuma yake kwa kiasi gani. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff walichapisha makala iliyoweka hesabu ya kuiweka picha moja juu ya nyingine: picha ya mbele, ikiwa imekwisha kuzidishwa kwa alfa yake, hujumlishwa na picha ya nyuma iliyozidishwa kwa moja kutoa alfa hiyo. Programu zote tatu hutumia hesabu hiyohiyo, lakini zinatofautiana katika kiasi zinachokuonyesha. After Effects huuliza wakati wa kuingiza faili kama picha imekwisha kuzidishwa au la, kisha hushughulika nayo yenyewe kimyakimya. Fusion imeweka kisanduku cha tiki ndani ya zana za rangi, ambacho huigawa picha kwa alfa kabla ya kurekebisha rangi na kuizidisha tena baada ya kurekebisha. Nuke imeziweka nodi mbili, moja ya kugawa na moja ya kuzidisha, na ni juu yako kujua wakati wa kuzitumia. Usipozitumia ipasavyo, nywele za mwanamke huzungukwa na ukingo wa rangi isiyo yake, mweusi au wenye mwanga. Watu wengi huuona ulazima huo kuwa usumbufu. Mimi nauona kuwa faida kubwa kwa anayehama, kwani msimamizi anapoonyesha ukingo mweusi kwenye skrini hataki kusikia kwamba programu ndiyo iliyofanya hivyo. Anataka mtu anayejua ulikotoka na atakayeuondoa kabla ya kikao kinachofuata.

La pili ni mwanga wa linia, yaani kuzifanyia hesabu thamani za pikseli zinazolingana na kiasi halisi cha mwanga. Chukua pikseli mbili za kijivu zenye thamani ya 128 katika ngazi za 0 hadi 255, na uchukulie kila moja ni mwanga wa taa moja. Ukizijumlisha zilivyo utapata 256, yaani weupe kamili uliokwisha kugonga dari. Ukizigeuza kwanza kuwa mwanga wa linia kwa kanuni ya sRGB, ukajumlisha, kisha ukarudisha, utapata takriban 176, na hiyo ndiyo hesabu ambayo taa mbili za kweli hufuata. Tofauti hiyo huonekana kila unapoongeza mng'ao wa taa, unapofifisha mandhari ya nyuma kama lenzi inavyofanya, au unapokitia ukungu kitu kinachokwenda kasi. Nuke hugeuza kila picha kuwa linia ya biti 32 tangu inapoingia, kwa hiyo anayetumia mipangilio ya kawaida yuko salama. Fusion hukuachia uamuzi: unaweza kuugeuza mwanga kwa nodi zake za rangi, au kuiachia DaVinci Resolve, programu ya uhariri na usahihishaji wa rangi inayoibeba Fusion ndani yake, isimamie rangi za mradi mzima. After Effects huanza mradi kwa biti 8, na ni lazima mtumiaji aingie kwenye mipangilio ya mradi aipandishe hadi biti 32 na kuchagua kufanya kazi kwa linia. Tangu toleo la mwaka 2023 imepata OCIO ndani yake, mfumo wa usimamizi wa rangi ulioanzia Sony Pictures Imageworks na ambao studio nyingi hutumia, na hayo ni maendeleo ya kushukuriwa. Hata hivyo bado kuna madoido yake ya zamani yasiyofanya kazi katika biti 32, na programu huweka alama ndogo ya tahadhari kwenye kila doido la aina hiyo. Aliyezoea kutengeneza matangazo ya simu na mitandao anaweza kumaliza miaka bila kulazimika kujua haya. Akiingia kwenye studio ya filamu atayahitaji asubuhi ya kwanza.

Fusion ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Ilikuwa mali ya Eyeon ya Toronto kwa miaka mingi hadi Blackmagic Design ya Australia ilipoinunua kampuni hiyo mwaka 2014, na kuanzia toleo la 15 la DaVinci Resolve, mwaka 2018, imekuwa ukurasa mmojawapo ndani ya Resolve. Ni programu ya nodi kama Nuke, na mtu akijifunza moja hujikuta anaielewa nyingine kwa sehemu kubwa: Merge ni Merge, ingawa katika Fusion mlango wa njano ni wa picha ya nyuma, wa kijani ni wa picha ya mbele na wa buluu ni wa maski, wakati Nuke huziita B na A. Zana yake ya kuondoa kijani, Delta Keyer, inaposaidiwa na nodi ya Clean Plate hufanya jambo linalokaribiana na la IBK, yaani hulifahamu pazia kabla ya kuliondoa. Matokeo ya nywele yalikuwa mazuri sana. Nilihitaji kukata maski ya mkono upande wa kivuli, basi.

Pale ambapo Fusion inaishinda Nuke waziwazi ni kwenye maandishi, chembe zinazoruka na michoro inayosogea, na zaidi ya hapo ni katika kuwa nyumba moja na uhariri na usahihishaji wa rangi. Mhariri akiwa kwenye mstari wake wa muda huiteua klipu, huingia ukurasa wa Fusion, huunganisha, hurudi, na mabadiliko yamekwisha kukaa ndani ya filamu. Hana haja ya kutoa faili na kuingiza faili. Kwa Dar es Salaam na Nairobi, ambako kazi nyingi ni za matangazo na video za muziki na mtu mmoja huhariri, huondoa kijani, husahihisha rangi na kukabidhi, mpangilio huu unalingana na kazi ilivyo. Sidhani kuna chaguo bora kuliko hili kwa mtu atakayebaki kujitegemea.

Kwenye pasi nyingi za renda Fusion ilikuwa nyuma kwa muda mrefu. Matoleo ya awali yalibeba rangi, alfa na chaneli chache za ziada kama kina, na kila pasi nyingine ililazimika kufunguliwa peke yake, hivyo mti wa nodi ulianza kwa msitu wa nodi za kufungulia faili kabla kazi yenyewe haijaanza. Toleo la 20, lililotoka mwaka 2025, limeleta kazi ya tabaka nyingi ndani ya mshale mmoja pamoja na zana za picha zenye kina, na pengo limepungua sana. Nashauri pia anayefanya kazi kwa mfululizo wa faili za EXR atumie Fusion Studio inayojitegemea badala ya ukurasa ulio ndani ya Resolve, kwa sababu ndani ya Resolve kila klipu hufuata urefu na mipangilio ya mstari wa muda, jambo linalomfaa mhariri na kumchanganya kompozita. Mashine nayo iangaliwe: Blackmagic yenyewe inapendekeza RAM ya GB 32 kwa anayetumia Fusion ndani ya Resolve, na kadi ya michoro dhaifu huifanya kazi iburuze.

After Effects ndiyo inayojulikana kuliko zote, na hakuna haja ya kuieleza sana. Ilitoka mwaka 1993 katika kampuni ndogo ya CoSA huko Providence, Rhode Island, ikaingia Adobe mwaka 1994, na mfumo wake wa matabaka yanayopangwa juu ya mstari wa muda umefundisha kizazi kizima cha watengenezaji wa michoro mwendo. Keylight imo ndani yake, Mocha ya kufuatilia bapa za picha imo, brashi yake ya roto ni ya haraka, na hata Cryptomatte na zana ya kuchomoa pasi za EXR zimo siku hizi. Shoti yangu ilimalizika ndani yake, na ukiitazama peke yake inapendeza.

Ugumu ulianza pale nilipotaka kuikabidhi. Ili ukuta urekebishwe kwa pasi zake, matabaka yake yalifungwa ndani ya kompozisheni moja. Ili mwanamke aondolewe kijani na kurekebishwa kingo, yake yalifungwa ndani ya nyingine. Na ya tatu ikazibeba hizo mbili. Mwenzangu alilazimika kufungua sanduku ndani ya sanduku kuijua njia ya picha, na kila alipoingia moja aliacha kuiona nyingine. Kwa shoti moja ya mtu mmoja hilo linavumilika. Kwa shoti mia moja zinazogawanywa kwa watu kumi, ndiyo sababu studio za filamu zilihamia kwenye nodi zamani. Kwa hiyo mtu anayetoka kwenye michoro mwendo asiitupe After Effects, maana ndiyo inayomlisha, lakini ajue kwamba kuendelea kuiboresha hakutamfikisha kwenye kiti anachokitaka. Na anayetoka kwenye roto, mwanga au ufuatiliaji wa kamera sioni sababu ya kumfanya aingie hapo sasa.

Zipo nyingine ninazozitaja kwa heshima na kupita. Natron, iliyoanzia katika taasisi ya utafiti ya INRIA nchini Ufaransa, ni ya bure na inafanana na Nuke kwa sura, ila maendeleo yake yamekwenda polepole. Sehemu ya kuunganisha picha ndani ya Blender inafaa sana kwa mazoezi ya alfa, linia na Cryptomatte bila kulipa chochote, lakini ni nadra kuiona ikiwa chombo kikuu cha idara ya kompozita. Flame ya Autodesk ni ya vyumba vya matangazo ambamo mteja hukaa nyuma ya fundi, na anayeihitaji kwa kawaida hujifunzia palepale kazini.

Wanaoogopa kujifungamanisha na programu moja wana haki ya kuogopa. Shake ilikuwa chombo cha filamu kubwa mwanzoni mwa karne hii. Apple iliinunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 2002, na mwaka 2009 ikaacha kuiuza. Makompozita waliokuwa wakiitumia wengi walihamia Nuke, na waliovuka kwa urahisi ni wale waliojua alfa na mwanga wa linia, kwa kuwa nodi za Shake na za Nuke hufuata hesabu ileile.

Sasa gharama, kwa sababu wengi wetu tunalipa kwa dola kutoka kwenye mapato ya shilingi. DaVinci Resolve ya bure ina Fusion ndani yake na hutoa picha hadi 3840 kwa 2160, kiwango kinachotosha kazi nyingi za kulipwa. Toleo la Studio huuzwa dola 295, mara moja tu, na leseni hiyo hufungua pia Fusion Studio inayojitegemea. Hakuna malipo ya kila mwezi yanayopanda shilingi ikishuka. After Effects hupatikana kwa usajili tu, zaidi ya dola 20 kwa mwezi, na ni lazima iingie mtandaoni mara kwa mara kuthibitisha leseni. Nuke ina ngazi tatu: ile ya kibiashara niliyoitaja, Nuke Indie ya karibu dola 500 kwa mwaka kwa mtu anayejitegemea ambaye mapato yake hayazidi dola 100,000 kwa mwaka, na Nuke Non-commercial ambayo ni ya bure kabisa kwa kujifunza. Gharama ambayo haiandikwi kwenye tovuti yoyote ni ya diski. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 yenye rangi na alfa, kwa biti 16 za desimali na bila kubanwa, ni takriban MB 16.6, fremu mia moja ni GB 1.66, na hapo pasi nyingine hazijahesabiwa. Anayepanga bajeti aweke fedha ya SSD kabla ya fedha ya programu-jalizi.

Ushauri wangu unategemea unakotoka. Ukiwa mpanga mwanga wa 3D au mfuatiliaji wa kamera, nenda Nuke moja kwa moja. Mtu wa roto vilevile, hasa kama amezoea programu ya roto ya Silhouette, kwa kuwa nayo hupanga kazi kwa nodi na kilichobaki kwake ni kujifunza kinachofanywa na maski baada ya kuikabidhi. Mhariri na msahihishaji wa rangi waanze na Fusion ndani ya Resolve ambayo pengine wanayo tayari, wakae nayo mpaka mti wa nodi uwe jambo la kawaida machoni pao, na waende Nuke ikiwa tu studio wanazozitaka zinaitumia. Mtu wa michoro mwendo ana uamuzi mgumu zaidi, na namshauri aamue kwanza kama anataka kuingia idara ya studio au kupanua kazi zake mwenyewe. La kwanza ni Nuke, la pili ni Fusion, na kujaribu kuzibeba zote mbili kwa wakati mmoja huku akiendelea na kazi za wateja kwa After Effects kutamchelewesha kote.

Anayechagua Nuke Non-commercial asome masharti yake kabla ya kuzama. Picha haitoki zaidi ya 1920 kwa 1080, haiandiki video za H.264, na faili ya mradi huhifadhiwa kwa muundo uliofungwa ambao Nuke ya kibiashara haifungui. Kwa video ya kuombea kazi hayo hayazuii lolote, kwani 1080 inatosha kuonyesha kingo za nywele na hatua za kazi yako kuanzia picha ya kamera hadi shoti iliyokamilika, na mfululizo wa fremu unaweza kugeuzwa kuwa video ndani ya Resolve ya bure. Kazi ya mteja anayekulipa isipite humo, hata ikiwa shoti moja: leseni haikuruhusu, na siku mteja atakapoomba faili ya mradi hutakuwa na faili ambayo studio yake inaweza kuifungua.